Sura ya Saba: Kapteni kutoka Lituhi

Alhamisi ya tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Benjamin Mkapa aliwatangazia Watanzania kwamba Mwalimu Julius Nyerere amefariki dunia katika Hospitali ya St Thomas, London. Tangu saa ile hadi Mwalimu alipozikwa Butiama tarehe 23, nchi ilipitia siku ambazo wote waliokuwa na akili zao wakati huo wanazikumbuka hadi leo. Mwili ulipofika Dar es Salaam tarehe 18, maelfu ya watu walikuwa wamesimama kando ya barabara. Wafanyakazi, wanafunzi, mama lishe, makondakta wa daladala, wote walilia. Redio zilikuwa wazi majumbani, madukani na kwenye magari, na karibu kila redio ilikuwa ikitoa nyimbo za maombolezo.

Miongoni mwa nyimbo hizo, zilizosikika mchana na usiku ni za kikundi cha Tanzania One Theatre, yaani TOT. Sauti ya kiume iliyoziongoza ilikuwa nzito, ya mtu asiye na haraka ya kumaliza neno, na hata watoto waliitambua. Ilikuwa sauti ya Kapteni John Komba.

Wengi wanamkumbuka Komba kama mwimbaji wa Chama Cha Mapinduzi, mtu mnene aliyevaa kijani na njano na kusimama jukwaani kabla ya mgombea. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, lakini imemfunika mtunzi. Wanaompenda wanampenda kwa sababu ya chama, na wasiompenda wanamchukia kwa sababu hiyo hiyo, na katikati hapo kazi yenyewe inakosa msikilizaji. Sura hii inataka kumsikiliza. Tukifanya hivyo kwa makini tutasikia ufundi ambao hakuupata kwenye chama. Aliuchota alikozaliwa, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo wimbo hauhesabiwi kuwa umekamilika mpaka umeitikiwa.

Pwani yenye ngoma

John Damiano Komba alizaliwa tarehe 18 Machi 1954, Lituhi, katika eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga na tangu 2012 limo katika wilaya mpya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Lituhi iko kaskazini mwa mwambao huo, karibu na mahali mto Ruhuhu unapomwaga maji yake ziwani. Ng'ambo ya mto ni Ludewa. Ukishuka kusini kwa kufuata ufukwe utapita Liuli hadi Mbamba Bay, na mbele zaidi ni mpaka wa Msumbiji.

Mkoa mmoja una nchi mbili hapa. Juu milimani, kuzunguka mji wa Mbinga, ni kwa Wamatengo, wakulima wa kahawa wanaolima kwa mashimo ya ngoro, yale yanayozungukwa na matuta yaliyopangwa miraba miraba ili mvua isibebe udongo kwenye miteremko mikali. Chini ziwani joto ni lingine na chakula ni kingine. Huko ugali ni wa muhogo, kitoweo ni usipa na mbasa, na kijana hupimwa kwa namna anavyoushika mtumbwi upepo unapogeuka. Ziwa lenyewe ni la tatu kwa ukubwa Afrika, lina kina cha mita mia saba na aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Hata hivyo kwa karne nzima watu wa mwambao huu wameishi mbali na kila kitu. Meli kama MV Songea, iliyokuwa ikitoka bandari ya Itungi huko Kyela kuja hadi Mbamba Bay, ilikuwa ndiyo barabara yao. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kitu cha juzi tu.

Mahali palipo mbali hujitengenezea burudani yake, na mwambao wa Nyasa ulitengeneza nzuri mno. Wanawake wana kioda. Wanaume wana mganda. Wangoni wa upande wa Songea wana lizombe, nayo pia hufika huku. Kati ya hizo, mganda ndio unaostahili kutazamwa kwa karibu ukitaka kumwelewa Komba.

Wachezaji wa mganda hupanga mistari. Wamevaa kaptula nyeupe zilizopigwa pasi, mashati meupe, soksi ndefu na viatu. Wengine wameshika usinga au leso mkononi. Ngoma kubwa inapopigwa, mstari mzima huinama pamoja, huinuka pamoja, na mguu wa mtu wa kwanza na wa mwisho hugusa ardhi kwa wakati mmoja. Mlio unaojaza uwanja hutoka kwenye malipenga, ala za vibuyu ambazo mchezaji huziimbia ndani. Kila kibuyu kina tundu dogo lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoifanya sauti ya binadamu ivume kama tarumbeta. Vibuyu vikubwa hutoa sauti ya chini, vidogo ya juu. Watu ishirini wakipuliza pamoja, mtu aliye mbali anaweza kudhani bendi ya jeshi inakuja.

Na kweli mganda ni mtoto wa bendi ya jeshi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha namna ngoma hiyo iliyozaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890 ilivyosafiri na askari na wapagazi hadi ndani ya bara, ambako ilizaa ngoma kama mganda. Ziwa Nyasa liliijua vita mapema. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann pale Liuli, palipoitwa Sphinxhafen wakati huo, na shambulio hilo likawa miongoni mwa mapambano ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Wanaume wa pande zote za ziwa walichukuliwa kuwa askari na wapagazi. Waliobaki hai walirudi na kwata, filimbi, vyeo na nidhamu ya mstari, wakavigeuza vyote kuwa mchezo. Vikundi vya mganda vikawa na makapteni wao, na kijiji kimoja kikawa kinakialika kingine kushindana. Wageni walilishwa, wakalala, wakacheza, na wenyeji wakaona aibu kubwa kama kikundi chao kilizidiwa mbele ya wake na wakwe zao.

Mtoto aliyekulia mwambao huu katika miaka ya 1950 na 1960 alijifunza somo moja bila kufundishwa: vazi la askari na wimbo vinaweza kukaa katika mwili mmoja. Alijua pia kwamba kiongozi wa wimbo ni cheo. Anayetoa sauti ya kwanza anapewa heshima, lakini heshima hiyo hudumu kwa muda ule tu ambao watu wanamwitikia.

Sauti nne za misheni

Shule ya pili ilikuwa kanisa. Wamisionari Wabenediktini waliingia Peramiho mwaka 1898, na kutoka hapo vigango vyao vikasambaa Ungoni, Umatengo hadi ziwani. Upande wa ziwa walikutana na Waanglikana wa UMCA, waliokuwa na makao yao kisiwani Likoma. Madhehebu hayo mawili yalishindana kwa shule, kwa zahanati na kwa kwaya, na katika hizo kwaya ndiyo iliyopenya mpaka ndani ya nyumba.

Kwaya ya misheni ilileta mpangilio wa sauti nne: ya kwanza na ya pili kwa wanawake na watoto, ya tatu na ya nne kwa wanaume. Wamisionari walidhani wanaleta kitu kipya kabisa. Lakini watu wa Ruvuma walikuwa tayari na vibuyu vikubwa na vidogo, na walijua tangu zamani namna sauti ya chini inavyobeba ile ya juu. Padre Stephen Mbunga, mwanamuziki wa jimbo hilo hilo, alilisimamia jambo hili kwa kalamu na kwa noti. Mwaka 1959, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujafungua mlango wa lugha za wenyeji, alikuwa ameshatunga Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 akachapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwafrika anaweza kumwabudu Mungu kwa mahadhi yake mwenyewe bila kumkosea mtu.

Ukizisikiliza nyimbo za Komba utaikuta shule hiyo. Kiongozi anatoa mstari, kwaya inaudaka mwisho wake na kuurudisha ukiwa mzito zaidi. Besi zinakaa chini kama sakafu. Maneno ni machache na yanarudiwa, kwa hiyo mtu anayeusikia wimbo kwa mara ya kwanza anajikuta anaimba kiitikio kabla ubeti wa pili haujaisha. Huo ni ufundi. Mtunzi asiyejua kazi hujaza maneno mpaka msikilizaji anakosa pa kuingilia. Komba aliacha mlango wazi.

Magwanda

Komba aliondoka ziwani, akavaa magwanda ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania na kupanda hadi cheo cha kapteni. Cheo hicho kiliganda kwenye jina lake. Hata alipoacha jeshi, hata alipokuwa mbunge, watu hawakumwita mheshimiwa kwa wepesi kama walivyomwita Kapteni.

Tanzania ya wakati huo ilikuwa na imani kubwa katika wimbo. Desemba 1962 Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisema wazi kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu wasio na roho ya taifa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kila shule, kiwanda, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa na tawi la chama lilikuwa na kwaya yake. Nyimbo zilifundisha kilimo cha kisasa, zikahimiza elimu ya watu wazima, zikamkemea mvivu na mlanguzi. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 iliongeza nyingine, za kuwaaga vijana na kuwapokea waliorudi. Jeshi lilikuwa na bendi zake za dansi na vikundi vyake vya sanaa, na askari mwenye kipaji hakulazimika kuchagua kati ya bunduki na wimbo.

Hapa ndipo mwana wa Lituhi alipokuwa nyumbani kuliko wengi. Kwao, kwata na wimbo vilikuwa vimeoana tangu enzi za babu zake. Yale ambayo askari wengine waliyachukua kama amri, kusimama mstarini na kuimba kwa pamoja, yeye aliyachukua kama urithi.

Mwaka 1992

Tarehe 1 Julai 1992 Tanzania iliingia rasmi katika mfumo wa vyama vingi. Mabadiliko hayo yalikuwa na mambo mengi, na moja liliwagusa askari moja kwa moja: jeshi lilitengwa na siasa za vyama. Chama kilichokuwa na matawi hadi makambini kilipaswa sasa kuwatafuta watu kwa nguvu zake chenyewe, na kilijua kwamba watu hawaji mkutanoni kwa ajili ya hotuba peke yake. Mwaka huo huo CCM ikaunda kikundi cha sanaa, Tanzania One Theatre, na uongozi wake ukawekwa mikononi mwa Kapteni Komba.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa na soko kali la burudani. Kundi la Muungano Cultural Troupe, chini ya Norbert Chenga, ndilo lililotamba, na DDC Kibisa nalo lilikuwa na wapenzi wake. Kwa kiingilio kimoja ulipata jioni nzima: ngoma, sarakasi, kwaya, taarab, maigizo ya kuchekesha na kuliza. TOT iliingia sokoni na vyombo vizuri na fedha za chama, lakini fedha hazimfanyi mtu wa Manzese au Buguruni kutoa nauli yake. Komba alielewa kwamba kikundi cha chama kingedharauliwa haraka kama kingeleta siasa bila raha. Akajenga kikundi ambacho mtu wa upinzani angeweza kukipenda kimoyomoyo.

Hatua iliyotikisa mji ilikuwa ya taarab. TOT ilimpata Khadija Kopa, mwimbaji wa Zanzibar aliyekuwa ametokea Culture Musical Club. Muungano walikuwa na Nasma Khamis Kidogo. Mashindano ya wanawake hao wawili, na ya vikundi vilivyokuwa nyuma yao, yaliipa taarab ya bara sura mpya, ile ya mipasho, ambapo fumbo la zamani lilivuliwa kanga na kijembe kikasemwa waziwazi. Mwanamke mwenye ugomvi na jirani alisubiri ubeti wake, akainuka, akatembea taratibu hadi mbele huku noti ikiwa juu ya vidole, akaipepea kidogo ili mlengwa aione, kisha akamtunza mwimbaji. Ukumbi mzima ulijua habari ni ya nani. Kumbi zilifurika, na mtaalamu wa anthropolojia Kelly Askew, aliyekuwa akifanya utafiti wake Tanzania miaka hiyo, aliyaandika mambo haya katika kitabu chake cha 2002 kuhusu muziki na siasa nchini.

Jambo hili linaonyesha upande wa Komba usiotajwa sana, yaani ule wa kiongozi wa wasanii. Alikuwa na masikio ya kujua kipaji cha mtu mwingine na moyo wa kumwacha ang'ae. Miaka ya 2000 ilipoingia, kikundi kilikuwa pia na bendi ya dansi, TOT Plus, iliyompa jukwaa Ramadhani Masanja, maarufu kama Banza Stone. Waimbaji wa taarab, wacheza sarakasi, waigizaji na wapiga gitaa waliishi kwa mshahara wa sanaa, katika nchi ambayo msanii mara nyingi huishi kwa fadhila.

Lakini kila mshahara una mwajiri. Katika kampeni za 1995, 2000, 2005 na 2010, TOT ilikwenda popote chama kilipokwenda. Nyimbo zilimsifu mgombea, zikaorodhesha mafanikio, na vijembe kwa upinzani havikukosekana. Komba hakuwa wa kwanza Afrika kutembea njia hiyo. Kule Zaire mwaka 1984, Franco, gwiji wa gitaa wa TPOK Jazz, alitunga wimbo mrefu wa kumpigia debe Mobutu. Tofauti yao ni kwamba Franco aliwahi kutunga pia nyimbo zilizomtia jela. Komba aliimba upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na aliimba kwa kuamini. Kwa anayetafuta unafiki wa msanii wa kukodiwa, hapa hatauona. Anayetafuta msanii wa kumkosoa mwenye mamlaka naye hatampata. Hasara hiyo lazima isemwe, kwa sababu ngoma za kwao zilijua kumsema hata mkubwa wa kijiji, na sehemu hiyo ya urithi Komba hakuibeba hadi jukwaani.

Siku ambazo hakuna aliyeamriwa kuitikia

Kwenye mkutano wa kampeni, watu huitikia kwa sababu nyingi. Yupo anayekipenda chama, yupo aliyepewa kofia na fulana, yupo aliyekuja kutazama sarakasi. Kwa hiyo huwezi kuupima wimbo kwa kelele za mkutano. Oktoba 1999 ilikuwa kipimo cha aina nyingine. Kuomboleza kwa dhati hakulazimishwi. Katika misiba ya watu wa Ruvuma, kama kwingi nchini, waombolezaji hukesha wakiimba, na usiku unapokuwa mrefu ndipo mwimbishaji mzuri anapojulikana. Akianza wimbo usiofaa, watu wanaunyamazia. Akiupata ule unaofaa, hata waliochoka wanainuka.

Komba aliupata. Nyimbo zake za kumlilia Mwalimu ziliwekwa katika umbo la kilio cha kijijini: mmoja anamwita marehemu, wengi wanathibitisha. Mwendo wake ni wa watu wanaotembea nyuma ya jeneza. Hazina maneno makubwa ya kisiasa, na hilo ni la ajabu kwa mtunzi aliyekuwa akilipwa kwa maneno hayo. Mtu wa Chadema au CUF, mtu asiyejali siasa kabisa, mzee aliyekuwa na kinyongo cha kuhamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, wote walijikuta ndani ya wimbo mmoja. Hadi leo kila inapofika tarehe 14 Oktoba redio huzipiga tena, na waliozaliwa baada ya 1999 wanazijua.

Naamini hapo ndipo kazi yake ilipofikia kilele, na sababu yake ni rahisi kuisema. Kwa siku zile, chama alichokitumikia na watu alioimba nao walikuwa wanahisi kitu kimoja. Mtunzi hakuhitaji kuwashawishi. Alihitaji kuwapa umbo la kilio chao, na alikuwa ameandaliwa kwa kazi hiyo tangu utoto.

Mbunge wa ziwa

Mcheza kwao hutunzwa. Mwaka 2005 Komba alirudi nyumbani kuomba kura na akachaguliwa mbunge wa Mbinga Magharibi, jimbo lililobeba mwambao wote wa ziwa upande wa Ruvuma. Alichaguliwa tena 2010. Wananchi waliomchagua walikuwa na mahitaji yasiyoimbika: barabara ya kutoka Kitai kwenda Lituhi, meli ya uhakika, umeme, maji safi kando ya ziwa lililojaa maji, bei ya samaki na ya kahawa. Ilipofika 2012, mgogoro wa mpaka na Malawi ulipamba moto. Malawi ilikuwa imetoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani na kudai ziwa lote hadi ufukwe wa Tanzania ni lake, kwa kutegemea mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890. Kwa watu wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, hoja hiyo ilimaanisha kwamba mvuvi akisukuma mtumbwi wake tu ameshavuka mpaka.

Bungeni Komba alikuwa mtu wa maneno makali na msimamo usioyumba. Katika Bunge Maalumu la Katiba la 2014 alisimama waziwazi na upande wa muundo wa serikali mbili, na ukali wa kauli zake ulizua mjadala mkubwa nchini. Ngoma ikilia sana hupasuka, na wapo waliokuwa wakimpenda kama mwimbaji ambao walivunjika moyo. Nionavyo mimi, ukumbi ule haukuwa wake. Mbunge husimama peke yake na kusema peke yake, na anayemfuata anasimama ili kumpinga. Kipaji cha Komba kilihitaji waitikiaji.

Tarehe 28 Februari 2015 alifariki dunia Dar es Salaam, zikiwa zimebaki siku chache tu atimize miaka 61. Alizikwa kwao, Lituhi. Mwaka huo huo jimbo lake lilibadilishwa jina likawa jimbo la Nyasa, na Stella Manyanya akachaguliwa kuliongoza.

Kilichokatika

Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulikuwa wa kwanza katika mfumo wa vyama vingi kufanyika bila Komba. Bongo Fleva ilikuwa imeshaanza kuingia majukwaani miaka ya nyuma, na safari hii ikayashika kabisa, Diamond Platnumz akiwa mbele. Sina ugomvi na vijana hao. Wana vipaji, na wamefika mbali ambako mzee wa TOT hakufika. Ila tazama mkutano unavyokuwa wanapopanda. Watu wanainua simu. Wanarekodi, wanapiga kelele za shangwe, wanatazama. Msanii anaimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa, na wimbo umekamilika kabla haujawafikia. Umati haudaiwi kitu. Katika wimbo wa Komba, umati usipoimba hakuna wimbo.

Badiliko hilo ni kubwa kuliko mtu mmoja na chama kimoja. Kwa muda mrefu Watanzania walizungumza mambo yao ya pamoja kwa kuimba pamoja: shambani, mganda ulipochezwa, kanisani, kwenye kwaya ya kiwanda, msibani. Komba alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuibeba tabia hiyo hadi kwenye jukwaa la taifa. Alipoondoka hakuacha mrithi wa aina yake, kwa sababu mashamba yaliyomlea, yaani kwaya za mahali pa kazi na vikundi vya sanaa vyenye mishahara, yalikuwa yameshakauka.

Tumlinganishe na Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki Bagamoyo mwishoni mwa 2003. Wote wawili walilelewa na sera ya utamaduni ya Nyerere, na wote walikula mkate wa taasisi. Zawose alibeba zeze na ilimba hadi Ulaya, kampuni ya Real World ikamrekodi, na leo mwanafunzi wa muziki popote duniani anaweza kumsikiliza na kumsoma. Komba alibeba maneno ya Kiswahili yaliyoelekezwa kwa raia wa nchi moja, kuhusu mambo ya nchi hiyo. Maneno ya namna hiyo hayasafiri. Yasipohifadhiwa na wenyewe, hakuna mgeni atakayekuja kuyahifadhi.

Kwa hiyo kazi ni yetu, na si ngumu kiasi hicho. Maktaba ya sauti ya TBC, iliyorithi hazina ya Radio Tanzania Dar es Salaam, inapaswa kuzitenga nyimbo za TOT na za kwaya nyingine za enzi zile, na kila wimbo uandikwe jina la mtunzi, mwimbishaji, mwaka na mahali. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, lakini mamia ya nyimbo za kwaya bado zinatajwa kama mali ya kikundi au taasisi, huku waliozitunga wakizeeka bila majina. Vyuo vyetu vinaweza kumfundisha kijana namna mstari wa Komba ulivyojengwa bila kumwingiza kwenye chama chochote, kama tunavyofundisha tenzi za kale bila kuwafuata masultani waliosifiwa ndani yake. Na huko mwambao, vikundi vya mganda na kioda ambavyo bado vinacheza vinahitaji kurekodiwa sasa hivi, vikiwa na wazee wanaojua kuchagua kibuyu na kukitafutia utando.

Tunaweza kuendelea kubishana kuhusu chama alichokiimbia Kapteni Komba. Ubishi huo ni haki ya kila raia. Lakini usituzuie kuukiri ukweli mmoja: katika wiki ngumu kuliko zote ambazo taifa hili limepitia kwa pamoja, tulimhitaji mtu wa kutuanzishia wimbo, na aliyesimama alikuwa mwana wa Lituhi. Alituanzishia, na nchi nzima ikaitikia.